Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuosha na Kupaka Mafuta Baiskeli

Kabla hujagusa maji, andaa ndoo mbili, sabuni isiyo kali, brashi ngumu ya mnyororo, brashi laini ya fremu na matambara makavu ya kutosha. Usielekeze maji ya kasi kwenye vitovu vya magurudumu, kwa sababu hupenya hadi kwenye gololi, huondoa grisi, na kutu huanza mahali usipopaona.

Breki zifunikwe kabla ya mafuta kuletwa karibu. Hili nililijifunza kwa maumivu. Siku moja, kwa haraka, nilipulizia mnyororo mafuta ya kopo bila kuifunika diski ya breki ya nyuma, na vumbi lile jembamba la mafuta likatua juu yake nisilione, maana chuma kiliendelea kung'aa vilevile. Kesho yake, nikiwa kwenye mteremko, nilibana breki hiyo ikalia kwa sauti ndefu huku mwendo ukizidi. Kwa hofu nikaikamata ya mbele kwa nguvu zote, gurudumu la nyuma likainuka, nikaangukia kiwiko. Diski ilisafishika kwa spiriti, lakini pedi zilikuwa zimekwisha kunywa mafuta, ikabidi zitupwe. Tangu hapo hufunika diski kwa mfuko wa plastiki na kutumia chupa ya kudondoshea: tone moja kwa kila kiungo, upande wa ndani wa mnyororo, huku nikizungusha pedali kinyumenyume. Baada ya dakika chache futa kabisa mafuta yaliyobaki nje, kwani hayo hunasa mchanga tu. Mwenye breki za kubana rimu naye asidhani amesalimika. Rimu yenye mafuta huteleza vilevile.

Mnyororo upimwe kwa rula ukiwa umevutwa. Ukiwa mpya, nafasi 24 kutoka pini hadi pini ni milimita 304.8, zikizidi kwa milimita 1.5, nunua mwingine kabla haujala meno ya gia. Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuizungusha kufuata mishale ya saa, kinyume cha ilivyozoeleka, kwa hiyo usiilazimishe. Upepo wa tairi usizidi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake. Jaribu breki zote mbili ukiwa bado unaikokota baiskeli, hakikisha nati za magurudumu zimekaza, na usifute kamwe mnyororo unaozunguka ukiwa umeviringisha tambara kidoleni, wala usiwaache watoto karibu wakati magurudumu yanapozungushwa.