Kuvusha intaneti ng'ambo ya bonde: mwongozo kwa nyumba zilizo mbali na faiba, Mbeya na Iringa

Wakuu, huku kwetu nyanda za juu kusini kuna kitu kinaniuma sana. Mkongo wa Taifa unapita Iringa, Makambako, Mbeya mpaka Tunduma, alafu unakuta mtu anaishi kilomita 6 tu kutoka ilipo faiba, upande wa pili wa bonde, na bado anapanda mlimani asubuhi kutafuta netiweki ili mtoto ajaze fomu ya mkopo wa chuo. Kilomita 6! Kazi yangu ni kufunga hizi redio za kurusha intaneti, na naandika hapa mwanzo mpaka mwisho ili fundi yeyote wa umeme au wa madishi aweze kuwafungia watu wa kwao.

Kwanza ujue kwanini waya haukufiki. Ile intaneti ya zamani ya waya wa simu, ADSL, inategemea umbali wa waya wa shaba kutoka kituo cha simu mpaka kwako, ukizidi kilomita 5 hivi inakua haina maana tena, na hata ADSL2+ yenye uwezo wa megabiti 24 inaanza kushuka mapema sana kabla ya hapo, na huo ni urefu wa waya unavyozunguka kwenye nguzo, sio mstari ulionyooka kwenye ramani. Faiba haina ugonjwa huo, mfumo wa GPON wanaotumia kuingiza majumbani unafika kilomita 20, ila hakuna kampuni itasimamisha nguzo kuvuka bonde zima kwa ajili ya nyumba tatu. Kwaiyo hiyo sehemu ya katikati tunaivusha hewani. Na bahati yetu huku ni milima, watu wa tambarare wanajenga minara mirefu kutafuta kimo, sisi tunacho tayari.

HATUA YA 1: Tafuta chanzo

Unahitaji nyumba au duka lenye faiba ambalo linaona upande wenu. Ndugu yako wa Uyole, rafiki wa Mbalizi, mtu wa Gangilonga, yeyote mwenye ukuta au nguzo unaotazama bonde lenu. Vizuri zaidi chukua laini mpya ya faiba kwa jina lako pale kwake, ulipie mwenyewe kila mwezi, na mpatane kuhusu umeme wa redio. Redio ndogo ya aina hii inakula wati 7 hivi, ni umeme kidogo sana, lakini mpatane kwa maandishi, maana nimeona undugu unaharibika kwa kitu kidogo kama mtu kuchomoa adapta achaji simu.

Kabla hujaenda huko mbali angalia pia kama kuna mnara wa 4G unaoonekana kwa macho kutoka kwako. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, umekua unatoa ruzuku ya minara vijijini, na kama kilimani kwenu upo mmoja basi rauta ya 4G yenye antena ya nje inaweza kukutosha. Shida yake ni bando, nyumba yenye wanafunzi watatu inamaliza haraka. Ndo maana wengi wanarudi kwenye faiba.

HATUA YA 2: Nenda ukaone kwa macho

Hapa ndo kazi yote ilipo na hapa ndo mafundi wengi wanaruka. Masafa ya gigahezi 5 hayapindi kilima na hayapiti kwenye majani. Lazima ukiwa huku uone kule, uone kweli kweli. Anza na Google Earth, chora mstari kutoka chanzo mpaka nyumbani, fungua ile picha ya miinuko, kama kuna kilima kinakata mstari unaijua mapema. Lakini Google Earth inakuonyesha ardhi tu, haikuonyeshi milingoti (mikaratusi) ya mzee wa jirani, na huku kwetu kila mtu ana shamba la milingoti au misindano au miwati. Kwaiyo lazima mguu ufike.

Njia nzuri kuliko zote ni kioo. Siku ya jua mtu mmoja abaki kwenye chanzo na kioo cha kawaida cha kunyolea, wewe panda ulipopanga kufunga dishi, mpigiane simu, amulike jua kuelekea kwenu. Ule mmweko unaonekana kilomita nyingi, ukiuona unajua mstari upo wazi na unajua pia ni nyumba ipi hasa ya kulenga, maana kwa mbali mabati yote yanafanana. Usiku tumieni tochi kali. Asubuhi ya ukungu usijisumbue, subiri.

Sasa kuona tu haitoshi. Mawimbi yanasafiri kwa umbo la muhogo, nyembamba kwenye ncha mbili na nene katikati, linaitwa eneo la Fresnel, na huo muhogo ukiguswa na miti signo inashuka hata kama jicho linaona kote. Kwa kilomita 6 kwenye gigahezi 5.8 nusu ya unene wake katikati ni kama mita 8.8, na unatakiwa uache wazi angalau asilimia 60, yaani mita 5 na kidogo chini ya mstari wa macho. Kwa kilomita 10 inakua mita 7 hivi, na hapo ongeza mita moja na nusu kwa ajili ya dunia yenyewe kupinda. Huku ukivuka bonde kubwa katikati hamna shida kabisa, hewa tupu, tatizo linakua mwanzoni na mwishoni, mti ulio mita 200 mbele ya dishi. Na mlingoti mchanga unaweza kupanda mita 2 au 3 kwa mwaka, kwaiyo usiuangalie urefu wake wa leo, angalia utakua wapi miaka mitatu ijayo, ongea na mwenye shamba mapema, na dishi liweke juu zaidi ya unavyodhani.

HATUA YA 3: Piga hesabu kabla hujatoa hela

Hesabu hii ni ya kujumlisha na kutoa tu, msiiogope. Upotevu wa nguvu ya mawimbi hewani kwa kilomita 6 kwenye gigahezi 5.8 ni desibeli 123 hivi. Redio yako tuseme inarusha kwa 20 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi kwa desibeli), dishi la huku lina geini, yaani uwezo wake wa kukusanya mawimbi upande mmoja, ya 23, la kule 23 pia. Jumlisha 20 na 23 na 23 unapata 66, toa 123, unabaki na hasi 57. Hiyo ndo signo unayotakiwa kuisoma siku ya kufunga. Iandike kwenye karatasi. Kati ya hasi 50 na hasi 65 upo vizuri. Umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6, kwaiyo kilomita 12 kwa vifaa hivyo hivyo ni hasi 63, bado inapiga kazi.

Umuhimu wa hii namba utauona kwenye kulenga, nisikilize tu kwa sasa.

HATUA YA 4: Vifaa

Redio mbili za nje zenye dishi lake, za gigahezi 5, zenye geini 23 au zaidi, LiteBeam ya Ubiquiti ni mfano unaopatikana na kuna nyingine za MikroTik na TP-Link. Nunua mbili zinazofanana. Hakikisha zina idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Za gigahezi 60 zipo na zina spidi kubwa mno, ila hewa yenyewe inazila desibeli kama 15 kwa kila kilomita, alafu mvua yetu juu yake, hizo ni za kuvuka mtaa sio bonde.

Kebo sasa, ile inayopeleka data na umeme mpaka kwenye redio. Naomba msibane hela kwenye kebo. Nunua ya nje, ganda jeusi la kuvumilia jua, shaba tupu. Mtaani zimejaa kebo za alumini iliyopakwa shaba, bei rahisi, zinapitisha umeme vibaya na ncha zake zinakatika, ukikwangua na kisu ukaona weupe ndani rudisha dukani. Mwisho mita 100 kutoka adapta mpaka redio.

HATUA YA 5: Nguzo na radi

Bomba la chuma la inchi 2 limefungwa ukutani sehemu mbili linatosha nyumba nyingi. Lisitikisike, dishi likisogea nyuzi chache kwa upepo umepoteza signo nyingi. Mti usifungie, mti unayumba na unakua.

Radi huku sio jambo la mchezo, kuanzia Novemba mpaka Aprili tunaishi nayo. Dishi lisiwe ndo kitu cha juu kabisa, acha ncha ya bomba iendelee kidogo juu yake. Shusha waya mnene wa shaba kutoka kwenye bomba mpaka kwenye athi iliyopigwa ardhini, urefu wa mita 1.2 au zaidi, na hiyo athi uiunganishe na athi ya umeme wa nyumba, ukiziacha mbili tofauti radi inapita katikati yake na katikati yake ndo kuna rauta yako. Weka kizuia radi cha kebo pande zote mbili, juu karibu na redio na chini kabla kebo haijaingia ndani. Kebo ikiingia ukutani ining'inize kidogo chini ya tundu ili maji yadondoke nje. Na radi ikipiga moja kwa moja hakuna kifaa kitaokoa, kwaiyo mfundishe mama mwenye nyumba kuchomoa kebo na adapta anaposikia ngurumo kwa mbali, mapema, sio wingu likishafika juu ya bati.

HATUA YA 6: Seti mezani

Usipande juu na redio ambayo hujaiseti. Ziweke zote mezani kwa nguvu ndogo, moja iwe ya kurusha nyingine ya kupokea, zote kwenye mfumo wa daraja (bridge), kila moja na anwani yake ya IP ambayo umeiandika mahali. Badilisha pasiwedi ya kiwandani, washa ulinzi wa WPA2. Umbali uache ujipime wenyewe. Chaneli weka upana wa megahezi 20, watu wanapenda 80 wakidhani ni spidi, wanachopata ni kelele za kila mtu mjini. Kwa 20 yenye signo safi unapitisha zaidi ya megabiti 50 kwa raha na hiyo ni zaidi ya faiba ambayo wengi wanalipia. Kabla ya kuchagua chaneli washa kipimo cha kelele ukiwa upande wa mjini, huko ndo kumechafuka. Na epuka 5600 mpaka 5650, hapo ni pa rada za hali ya hewa.

HATUA YA 7: Kulenga

Watu wawili, kila mtu upande wake, simu zina chaji. Lenga kwa jicho kwanza, alafu mmoja tu ndo asogeze, mwingine asiguse kitu. Zungusha taratibu kushoto kulia ukisoma namba, ukipata pazuri endelea kupita mpaka ishuke, rudi katikati. Fanya hivyo hivyo juu chini. Alafu zamu ya mwenzako.

Sasa ile karatasi. Dishi lina mwali mkubwa wa mbele na miali midogo ya pembeni, na mara nyingi cha kwanza kukamata ni huo wa pembeni. Fundi anaona hasi 75, intaneti inafunguka, anashangilia, anakaza bolti, anashuka. Mvua ya kwanza simu inaita. Kama hesabu ilisema hasi 57 na wewe unasoma hasi 75 basi upo kwenye mwali wa pembeni au kuna mti umegusa muhogo, endelea kutafuta. Ukiwa ndani ya desibeli 3 au 4 za hesabu, kaza. Angalia pia redio ina namba mbili za signo, zisipishane zaidi ya 3, zikipishana dishi moja limefungwa limeinama.

Alafu pima vipande vipande: redio kwa redio kwa kipimo chake chenyewe, kisha ndio intaneti. Redio zikipitisha 80 na intaneti inakupa 9, tatizo lipo kwenye faiba, usipande tena juu.

HATUA YA 8: Kama kilima kinakata

Hii ni kawaida sana ukielekea Matamba, Isyonje na vijiji vya nyuma ya Rungwe. Unaweka kituo cha kati kileleni, redio mbili mgongo kwa mgongo na swichi ndogo, kwa sola. Redio mbili na swichi ni wati 18 hivi, kwa masaa 24 ni wati-saa 432. Huku ukungu unaweza kukaa siku tatu, kwaiyo unahitaji akiba ya kama 1300, na betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, maana yake ni 2600, yaani betri mbili za volti 12 za ampea-saa 100 na kidogo juu yake. Ziunge mfululizo upate volti 24 ambazo redio nyingi za hivi zinatumia, ila soma maelezo kama inavumilia mpaka 29, maana sola ikichaji inafika huko. Paneli chukua wati 250 au 300, ya 150 inatosha kwa hesabu ya jua la kawaida lakini Juni na ukungu wake itakuangusha.

Usiweke kitu kileleni bila kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, upate muhtasari wenye muhuri, na kama kilele ni hifadhi ya msitu unaenda TFS, wakala wa misitu. Kijiji kikijua hiyo sanduku inalisha zahanati na shule yao, kitailinda chenyewe. Kwaiyo wape zahanati na shule. Mimi naona hiyo ndo bei halali ya kutumia mlima wao.

HATUA YA 9: Majirani

Watakuja kuomba, na ni haki yao kuomba. Ila kuuza intaneti ni biashara ya leseni kutoka TCRA, na mkataba wa faiba ya nyumbani kwa kawaida haukuruhusu kuiuza tena. Mkiwa nyumba nyingi ongeeni na kampuni yenye leseni iwape kifurushi cha kugawa, wewe uwe fundi wao. Usianze kukusanya buku mbili mbili kwa siri, siku ikikatwa wanakatika wote.

Ukimaliza andika signo ya siku hiyo kwa maka ndani ya mlango wa boksi, pande zote mbili, na tarehe. Kila mwaka kabla ya mvua soma tena. Ikishuka desibeli 5 kagua bolti na vichwa vya kebo kama vimeota kutu ya kijani. Ikishuka 10 chukua panga, kamwamkie mzee wa milingoti.