Harambee ukiwa Uingereza: fedha za zahanati zisije zikakuponza

Zahanati ya nyumbani ikikosa jenereta, sisi tulioko Uingereza hatuhitaji kufundishwa. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, mweka hazina anateuliwa, na wiki haijaisha ukumbi umeshapatikana. Shida huanza pale akaunti inayotumwa kundini inapokuwa ya mtu binafsi, huku bango likitangaza shughuli ya hisani. Ninayoyaeleza hapa ni ya England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Mchango wa msiba, au wa matibabu ya mgonjwa mmoja mnayemfahamu, ni kusaidiana. Unaruhusiwa, lakini kisheria si hisani, hata kama mgonjwa mwenyewe hana kitu. Zahanati, kisima au bweni la wasichana ni hisani kwa sababu umma ndio unaofaidika. Hapo wengi hukimbilia kusajili shirika lao jipya, na mimi siwashauri hivyo kwa shughuli moja. Utaishia na ripoti za kila mwaka na wadhamini watatu, wawili wao hawapokei simu. Tafuteni shirika ambalo tayari limesajiliwa na Charity Commission, chombo kinachosimamia mashirika ya hisani, na ambalo malengo yake yanaruhusu kazi ya kwenu, likubali kwa maandishi, kisha fedha ziingie moja kwa moja kwenye akaunti yake. Namba ya usajili unaihakiki bure mtandaoni, na hapo hapo utaona kama hesabu zake zinawasilishwa kwa wakati.

Faida nyingine ya njia hiyo ni Gift Aid, mpango wa kodi unaoongezea mchango wa hisani. Mchangiaji anayelipa kodi ya kutosha hapa akijaza fomu yenye jina, anwani ya nyumbani na uthibitisho wake, shirika linadai HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza) peni 25 kwa kila pauni aliyotoa. Shirika lililosajiliwa Kenya au Tanzania peke yake haliwezi kudai. Tiketi ya chakula cha jioni pia haihesabiwi, maana mtu amenunua pilau yake. Mnada wa keki, ule ambao wajomba hushindana hadi keki ya pauni 15 inafika pauni 200, una nafasi yake: ile ziada juu ya bei ya dukani inaweza kuhesabiwa kuwa mchango, mradi mshindi alijua bei hiyo wakati anataja dau. Basi MC aitangaze kabla ya kuanza, na fomu ziwe mezani zikisubiri.

Bango nalo liandikwe kwa akili. Ukiandika tu kwamba fedha zitanunua jenereta, kisha zikazidi au zikapungua, umejifunga. Ongeza sentensi moja: kama kiasi hakitatosha au kitazidi, kitatumika kwa mahitaji mengine ya zahanati hiyo.

Sasa ukumbi. Muulize mwenye ukumbi kama ukumbi wake una leseni ya pombe na muziki, na bima ya dhima kwa umma, ile inayolipa mgeni akiumia, ni ya nani. Kama leseni ya pombe hakuna na mtauza bia, peleka taarifa ya shughuli ya muda kwa halmashauri ya eneo hilo, angalau siku 10 za kazi kabla. Siku wanayoipokea na siku ya shughuli hazihesabiwi. Ada ni pauni 21, na watu wasizidi 499, wapishi na DJ wakiwemo. Na usidanganyike na ule ujanja wa kusema bia ni ya bure kwa mwenye tiketi. Ikiwa imo ndani ya bei ya tiketi, umeiuza.

Bahati nasibu ndiyo huwanasa wengi. Tiketi zikiuzwa ukumbini tu wakati wa shughuli, huhitaji leseni, lakini usikate kwenye mapato ya tiketi zaidi ya pauni 500 kwa ajili ya zawadi wala zaidi ya pauni 100 kwa gharama nyingine. Ukianza kuziuza kanisani au msikitini wiki mbili kabla, mchezo umebadilika: jumuiya au shirika linaloendesha linatakiwa kujisajili halmashauri, pauni 40 mwaka wa kwanza.

Jikoni, hatari kubwa ni wali. Sufuria ya pilau iliyopikwa asubuhi na kuachwa ipoe yenyewe hadi jioni inaweza kuwalaza watu hospitali, na kuipasha moto tena hakuiondoi sumu. Ipikwe karibu na saa ya kula na ikae juu ya nyuzi 63. Kila chungu kiwe na karatasi inayotaja vinavyoweza kudhuru wenye mzio: kisamvu kina karanga, mahamri yana ngano, na kadhalika. Mgeni akiuliza kama kuna karanga, jibu lisiwe “sidhani”.

Ahadi za harambee tunazijua: mtu anasimama, anapigiwa makofi, kesho hapatikani. Mashine ya kadi ipitishwe pale pale, kabla hajakaa. Taslimu zihesabiwe humo humo ukumbini na watu wawili wasio ndugu, waandike, watie saini wote.

Kutuma fedha ndiko kunakohitaji subira. Zahanati nyingi ni mali ya serikali ya kaunti kwa Kenya, au halmashauri kwa Tanzania, kwa hiyo ongeeni na kamati ya zahanati na mganga mfawidhi kabla ya kununua chochote. Kama kuna asasi ya huko inayopokea, iombeni cheti cha usajili. M-Pesa ya mtu mmoja si njia: muamala mmoja Kenya hauzidi shilingi 250,000, na hata kiasi kikiwa kidogo kinaingia mfukoni mwa mtu. Bora shirika lilipe muuzaji wa jenereta kwa ankara, kisha zahanati isaini hati ya kupokea yenye namba ya mashine.

Halafu hesabu zirudi kundini, pamoja na gharama za ukumbi na DJ. Watu watalalamika kwamba DJ alilipwa. Waache walalamike wakiwa na tarakimu mkononi.