Kulirudisha trekta la Massey 35 lilivyotoka kiwandani

Trekta la marehemu baba lilikaa miaka 11 chini ya mgrevilea hapa Njoro, kuku wakitagia kwenye kiti. Ni Massey Ferguson 35, lile dogo la injini ya Perkins ya pistoni 3. Nilipoanza kulishughulikia lilikuwa limepakwa rangi ya buluu, limefungwa alteneta ya pikapu, rejeta ya gari nyingine imeshikiliwa kwa waya, na taa za lori zimetobolewa kwenye madigadi. Waliofanya hayo walitaka kulima, na walilima. Mimi nilitaka kuliona lilivyoshuka kutoka Coventry. Kazi ilinichukua miaka 2. Naandika kwa ajili ya yeyote aliye na Massey ya mzee imelala shambani, maana kila nikipita Rongai, Molo au Bahati naona nyingine inakatwa kuuzwa kilo kwa kilo kama chuma chakavu, na inaniuma.

Wiki ya kwanza acha spana kwenye sanduku. Chukua daftari na simu ya kupiga picha, kisha ujue una trekta gani hasa. Jina hili la 35 limebeba matrekta yasiyofanana. Ya kwanza, mwaka 1956, yaliitwa Ferguson 35: mabati ya kijivu, injini na giaboksi za rangi ya dhahabu inayokaribia shaba. Mwisho wa 1957 yakawa Massey Ferguson, mabati mekundu, mwili wa kijivu. Ya dizeli yalianza na injini ya Standard 23C ya pistoni 4, na Perkins ya pistoni 3 ikaingia mwisho wa 1959. Mwisho wa 1964 likaja 135 likachukua nafasi yake.

Tofauti hizo si za vitabuni tu. Baba aliwahi kuendesha lile la pistoni 4 kabla ya hili letu, na jioni walikuwa wakiliegesha juu ya kilima, pua ikitazama bondeni, kwa sababu asubuhi za Julai injini ile haiamki kwa stata peke yake. Ndiyo maana mengi yalitolewa 23C yakawekwa Perkins. Kama lako ni mojawapo, na bado unalitegemea shambani, nakushauri uiache Perkins na urudishe mengine yote. Ukiwa na 23C nzima pembeni na trekta ni la kutunza, irudishe, ila utafute pia mahali pa mteremko. Vyovyote utakavyoamua, linganisha namba ya injini na ile ya logibuku kabla hujatumia hata shilingi.

Namba ya trekta iko kwenye kibati kidogo kwenye dashibodi, mbele ya usukani. Usikiguse kwa msasa wala brashi ya waya. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, ukiweke juu yake nusu saa, halafu ufute taratibu. Kisha tazama dainamo na stata. Lucas, waliotengeneza vifaa hivyo vya umeme, walikuwa wakigonga mwezi na mwaka kwenye mwili wa vitu vyao, kwa hiyo ukisoma 1961 kwenye stata ya trekta la 1962, kuna uwezekano mkubwa kwamba hazijawahi kuachana. Ukisoma 1970, ilibadilishwa.

Sasa rangi. Hapa watu wengi hukosea kwa kufuata picha. Trekta lenyewe linakuambia, ukiliuliza mahali ambapo jua na mikono havikufika: chini ya tangi la dizeli, nyuma ya betri, upande wa ndani wa rimu, chini ya grisi iliyoganda nyuma ya stata. Chagua sehemu tambarare, chukua msasa laini namba 600, uloweshe kwa maji yenye sabuni, usugue kwa kidole kimoja ukizunguka polepole mpaka upate duara la ukubwa wa shilingi 20. Tabaka zitajitokeza kama pete. Kwangu pete ya nje ilikuwa buluu, ikafuata nyekundu inayoelekea chungwa, halafu kipande chembamba cha vumbi la zamani, halafu nyekundu iliyokolea, kisha praima na chuma. Ile nyekundu ya ndani ndiyo ya kiwanda. Nilikata kibati kilichobaki na rangi hiyo safi nikakipeleka kwa wachanganyaji rangi Nakuru mjini, wakailinganisha na hicho. Kijivu nilikipata chini ya grisi, na kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani.

Ukianza kufungua, jua kwamba bolti zake ni za inchi. Spana ya 14 haiingii kwenye kichwa cha 9/16, ile ya 15 inalegea na kukila pembe. Nunua seti ya inchi, 7/16 hadi 1, hata ikiwa kuukuu. Bolti iliyokatalia ipake mchanganyiko wa ATF (oili ya giaboksi otomatiki) na asetoni jioni, uigonge kidogo kichwani, uijaribu kesho yake. Mahali pengine utakuta fundi aliyetangulia amelazimisha bolti ya milimita kwenye tundu la inchi na nyuzi zimeharibika. Mwambie anayekereza vyuma akuwekee bushi mpya yenye nyuzi, usitanue tundu. Kila bolti ya zamani iliyo salama irudi ilipotoka. Mimi nilizitia kwenye mikebe ya Kimbo, kila mkebe na karatasi yake.

Injini hii ni rafiki wa mwenye shamba. Spea zake zipo, kwa sababu Perkins ya pistoni 3 iliendelea kwenye 135, na matrekta ya ukoo huu yameendelea kuundwa India na Pakistani. Lakini kinachoingia si lazima kifanane. Boneti, grili na taa za 135 ni za umbo jingine kabisa, na muuzaji atakuambia ni sawa tu. Pistoni, ringi, layna na gasketi nunua mpya. Vinavyoonekana kwa macho tafuta vya zamani.

Kuna sehemu moja ya injini nataka uifanye kwa mikono yako mwenyewe: sili ya nyuma ya kranki, inayozuia oili isitoke kwenye injini. Si ya mpira. Ni kamba mbili zinazolala kwenye nusu mbili za kibebeo cha chuma, na mafundi wenye haraka huzisukuma kwa bisibisi, kisha oili inavuja kwenye klachi ndani ya mwezi. Za zamani ni za asbesto, kwa hiyo zitoe zikiwa zimelowa oili, usizipulize wala kuzisugua kavu. Kamba mpya ilaze kwenye oili ya injini usiku kucha. Funga kibebeo kwenye jiriwa, mfereji ukitazama juu. Anza na ncha zote mbili: zibonyeze zikae, kila ncha ikizidi ukingo kwa unene wa robo hadi nusu milimita, pasizidi. Kamba itavimba katikati. Sasa sukuma katikati kwa kidole gumba, halafu chukua kipande cha bomba laini ukiviringishe juu yake ukikandamiza kutoka katikati kwenda nje, kama unasukuma chapati, mpaka ilale kwenye mfereji wote. Usikate hizo ncha zilizozidi, ndizo zinazokutana na kubanana nusu mbili zikifungwa. Paka grisi yenye grafiti, funga, kisha zungusha kranki kwa mkono. Itakuwa nzito, lakini izunguke sawasawa.

Themostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, utakuta haipo. Karibu kila fundi huku huitoa na kuitupa akidhani anaokoa injini isichemke, kumbe injini inafanya kazi ikiwa baridi na silinda zinalika mapema. Irudishe, na rejeta ipeleke kwa mtu wa kulehemu shaba aisafishe. Ikiwa safi, themostati haina kosa lolote.

Umeme ndio ulionisumbua. Gereji moja iliyowahi kulishika trekta ilifunga alteneta na kugeuza betri, kumbe 35 zilitoka kiwandani nguzo chanya ikiwa ndiyo inayoenda kwenye bodi. Nilipopata dainamo ya Lucas kwa muuza chuma chakavu, ikiwa na tarehe inayokubaliana na trekta, niliirudisha betri ilivyokuwa. Dainamo iliyokaa muda mrefu au iliyotoka kwenye trekta jingine lazima uifundishe upya upande wake, yaani upi ni chanya na upi ni hasi. Toa waya kwenye nguzo ndogo yenye herufi F, chukua waya kutoka nguzo hasi ya betri, uguse nguzo hiyo ya F mara 2 au 3, sekunde moja moja. Utaona cheche ndogo. Rudisha waya wake, washa injini, na mshale wa chaji utainuka.

Haidroli, inayoinua plau, isikutishe. Pampu imekaa ndani ya oili ileile ya giaboksi. Yangu ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa, kwa kuwa mpira wa gia lever ulipasuka na mvua za miaka 11 zikaingia hapo. Nilimwaga, nikasuuza kwa dizeli, nikabadilisha oringi za pampu. Kisha angalia spring nene ya nyuma panapofungwa toplinki, ule mkono wa juu unaoshika plau: ukiishika na kuivuta isicheze mbele wala nyuma, la sivyo plau haitashika kina.

Rangi ije mwisho, baada ya injini kuwaka na kila uvujaji kuzibwa. Matundu yaliyotobolewa yajazwe kwa kulehemu, usitumie fila. Na usilainishe chuma cha giaboksi kwa fila kipate kung'aa kama matatu, kwa sababu kilitoka kiwandani kikiwa na ukwaru wake, na ukwaru huo ni sehemu ya trekta. Hapa Nakuru Januari na Februari vumbi huanza saa nne asubuhi, kwa hiyo mimi nilipuliza kuanzia saa moja na kufunika kabla ya upepo. Mbele nikavalisha tairi 6.00-16 za mifereji mitatu, nyuma 11-28.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, toa hewa kwenye mafuta: anza na filta, halafu pampu ya dizeli ya CAV, mwisho paipu za nozo. Vuta kizimio, zungusha stata vipindi vifupi mpaka geji ya oili isogee, ndipo uruhusu dizeli. Nafasi za tapeti kwenye valvu ziwe milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Liache lingurume, likipata moto kaza hedi tena na uzipime tapeti upya, safari hii 0.25. Kazi ya kwanza iwe nyepesi, kuvuta trela ya majani au maji. Baada ya saa 25 hivi mwaga oili ikiwa bado ya moto, ichujie kwenye kitambaa cheupe, na utazame kitambaa kwenye jua. Changu kilikuwa na unga wa kijivu tu, bila chembe inayong'aa, na Jumatatu iliyofuata nikalifunga plau ya diski.