Kabla hujashika bunduki Minnesota, tazama makaratasi yako

Mkenya aliyekulia chini ya marufuku ya uwindaji ya mwaka 1977 hushangaa Novemba yake ya kwanza Minnesota, Marekani. Wenzake kazini wanaomba likizo, wanapotelea msituni, kisha wanarudi na nyama ya kulungu ya kujaza friza. Nawe unaweza, lakini usianzie dukani kwa bunduki.

Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hazuiwi na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki. Aliyeingia kwa viza ya masomo au ya kazi ya muda amekatazwa hata kuishika, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kwa hiyo leseni kwanza, hata kama bunduki ni ya rafiki na ni ya siku moja tu. Asiye na makaratasi, leseni haimwokoi. Hili si la kujaribia bahati: kosa la bunduki linaweza kumfukuzisha mtu nchini, pamoja na huyo mwenye kadi ya kijani. Kama kesi yako ya uhamiaji bado inaning'inia, muone wakili kwanza.

Leseni hutolewa na DNR, idara ya maliasili ya jimbo, na mkaazi hulipa kidogo kuliko mgeni. Aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1979 kwa kawaida hudaiwa cheti cha mafunzo ya usalama wa bunduki. Kasome, utakutana na watu watakaokuonyesha msitu.

Ardhi ya umma ni tele, ikiwemo misitu ya taifa ya Chippewa na Superior. Shida ni mpaka: shamba la mtu laweza kuanza hatua chache tu mbele yako, basi beba ramani. Msimu wa bunduki, kofia na vazi la juu viwe vya rangi kali ya chungwa au waridi. Kuweka chambo ni marufuku, na bunduki yenye risasi haiingii garini.

Ndugu Waislamu, suala la Bismillahi na kuchinja mkamuulize shehe kabla ya kwenda, si mnyama akiwa tayari chini.

Ukimpata kulungu, msajili kwa DNR kabla ya kumkatakata. Penye ugonjwa wa CWD, unaoua kulungu, peleka sampuli ipimwe na usubiri majibu ndipo upike. Nyama yenyewe haiuzwi, hata kwa kilo moja ya sherehe ya jumuiya, igawe bure.