Kurudi mjini kwa kufuata Minara Miwili

Ukitoka kisiwa cha Bawe alasiri na joto limetanda, nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja hushikana zikawa ukuta mmoja. Kinachobaki kimesimama juu ya mapaa ni minara ya Kanisa la Mtakatifu Joseph, lililojengwa kati ya 1893 na 1898. Sisi wa baharini twaiita Minara Miwili. Mimi ni Muislamu, sijawahi kusali humo, lakini minara ile imenirudisha nyumbani mara nyingi, na nataka vijana wanaoanza kushika usukani waijue. Simu ikiingia maji, minara ipo palepale.

Usiichanganye na mnara wa kanisa la Mkunazini, penye soko la watumwa la zamani. Ule ni mmoja.

Kosa la kwanza la kila mgeni ni kuelekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kwenye minara na kwenda. Mkondo unakusukuma ubavuni, nawe unageuza omo kidogo kidogo, bado minara iko mbele yako, mpaka unakuta uko juu ya fungu la mchanga. Kwa hiyo chukua alama mbili. Minara iwe ya nyuma. Ya mbele iwe kitu cha ufukweni, chini yake: pembe ya jengo, mti mkubwa, kitu kisichohama. Nenda kwanza na mzee anayeijua njia, akuonyeshe zipandane wapi, yaani ya mbele ikae sawasawa chini ya ile ya nyuma. Siku hiyo mtoke maji yanajaa, ili mkigusa chini bahari iwanyanyue yenyewe.

Zikipandana, uko njiani. Alama ya mbele ikikimbilia kulia, peleka chombo kulia hadi zirudi kupandana. Ikikimbilia kushoto, kushoto. Ifuate ya mbele daima. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana na mkondo ukiwa mkali, utaona alama zimepandana sawasawa huku omo inatazama pembeni. Usishtuke, wala usiinyooshe. Chombo kinakwenda upande upande kama kaa, na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa nieleze lililonipata. Msimu mmoja wa kusi alama yangu ya mbele ilikuwa nyumba nyeupe. Nilikaa bara miezi kadhaa. Kurudi kwangu, nyumba ile imepakwa rangi ya udongo, na ya jirani ndiyo imekuwa nyeupe. Nikashika ya jirani. Mashua ikakaa juu ya mchanga maji yakiwa yanakupwa, ikalala ubavu, barafu ikayeyuka, samaki wa siku mbili wakaharibika. Mabaharia wangu walirudi kwao mikono mitupu, na jambo lile linaniuma hadi leo. Tangu hapo, kila msimu nazikagua alama zangu nikiwa nchi kavu, kwa miguu. Hata majumba makubwa huondoka: mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la zamani la masultani, palikuwa na mnara wa taa, ukaharibiwa na mizinga ya Waingereza ya 27 Agosti 1896, na jumba lenyewe liliporomoka sehemu yake 25 Desemba 2020.

Minara yenyewe pia ina lugha. Ukiuzunguka mji taratibu, kuna mahali inaachana hata unaona anga katikati, na kuna mahali mmoja unajificha nyuma ya mwenziwe. Kariri inavyoonekana kutoka pale unapovulia. Ukirudi siku nyingine ukaikuta imeachana vilevile, uko kwenye mstari uleule.

Usiku mambo haya hayafai. Minara haina taa ya vyombo. Taa iko kisiwa cha Chumbe, kusini, tangu 1904. Ukichelewa, usiingie kwa kubahatisha. Tia nanga nje penye maji mengi, pima kina kwa bildi, ile timazi ya kamba, lala kwa zamu. Alfajiri jua linatokea nyuma ya mji, na kabla hujaona nyumba hata moja, utaiona minara, miwili, myeusi.