Deskitopu imekuwa nzito na inastaki baada ya kupandishwa Windows 11: tazama diski kabla hujapiga windo mpya

Assalaamu alaykum. Mimi ni fundi kompyuta hapa Chake Chake, Pemba, na tangu Microsoft walipoacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 haipiti wiki hajaja mtu kwenye daladala na keisi yake kaipakata mapajani, na maneno ni yale yale, fundi ilikuwa nzima hii, nimeipandisha Windows 11 tu ikawa nzito, nabonyeza kitu inaganda, mauzi haiendi, ukingoja inarudi, alafu inaganda tena. Na karibu wote washaambiwa na mtu mtaani kwamba dawa yake ni kupiga windo upya, yani kufuta na kuingiza Windows toka mwanzo. Nakuombeni sana, msikimbilie huko.

Sababu yangu ni hii. Zamani kidogo, mimi bado mwanafunzi wa kazi, aliniletea mashine ami mmoja mwenye shamba la mikarafuu. Mle ndani mlikuwa na hesabu za wachumaji wake, kila mmoja na pishi alizoleta jioni na pesa alizokwishachukua mkononi. Nikaiona inastaki nikasema windo imeharibika, akaniambia vitu vyangu vyote vipo kwenye flashi we futa tu, nikafuta. Flashi ilikuwa na hesabu za msimu uliopita. Za msimu ule hazikuwepo, ikabidi ami akae barazani na wachumaji mmoja mmoja kuulizana we ulileta ngapi, na wengine washarudi kwao Micheweni. Na ubaya zaidi, wiki mbili baadae mashine ikarudi inastaki vile vile, kwa sababu ugonjwa haukuwa windo, ulikuwa hadi diski (hard disk), pale mashine inapohifadhi mafaili. Toka siku ile nnafuata mpango huu huu kwa kila mashine.

Kwanza hesabu siku

Umeipandisha lini? Ikiwa ni jana au juzi, iache. Windows mpya ikishaingia inafanya kazi nyingi nyuma ya pazia, inapanga upya faharasa ya mafaili yako yote ili uweze kuyatafuta, Defender, ile antivairasi inayokuja na Windows, inakagua diski nzima, apdeti zilobakia zinashuka. Kwenye mashine yenye hadi diski ya kuzunguka hiyo kazi inaweza kula siku moja mpaka mbili. Nenda Settings, System, Power, weka isilale, iache usiku kucha inawaka, alafu iangalie asubuhi. Ikiwa unatumia bando la simu ingia kwenye mtandao wako uweke Metered connection, la sivyo asubuhi utakuta bando limekwenda lote.

Siku 10 ni muhimu. Ndani ya siku 10 toka upandishe unaweza kurudi Windows 10 na vitu vyako vikabaki, Settings, System, Recovery, Go back. Zikipita, folda ya Windows.old inafutwa yenyewe na njia inafungwa. Windows 11 kwa sheria zake inataka angalau RAM (kumbukumbu ya muda mashine ikiwa kazini) ya GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, chipu ya ulinzi ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Zile deskitopu za mtumba zinazoshuka kutoka Dubai nyingi ni kizazi cha 3, cha 4, cha 6, na watu wanazipandisha kwa ujanja wa kuruka ule ukaguzi. Yako ikiwa ni hiyo na bado uko ndani ya siku 10, mimi ningeirudisha leo leo. Microsoft wametoa nyongeza ya apdeti za ulinzi za Windows 10 kwa watu wa majumbani mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, unajiandikisha pale pale kwenye Windows Update, hivyo unapata muda wa kujipanga.

Pili bakapu, na uifungue

Kabla hujagusa kitu chochote, toa mafaili. Fungua C, Users, folda yenye jina lako, kopi Desktop, Documents, Pictures na Downloads uweke kwenye diski ya nje. Usimuulize mwenye mashine vitu vyake viko wapi, tafuta mwenyewe, mana watu wanasevu popote, nshakuta vyeti vya mtoto wa skuli ndani ya folda ya nyimbo. Alafu chukua ile diski ya nje uichomeke kompyuta nyingine ufungue faili tatu nne, ya Excel, picha, PDF, uone zinafunguka kweli.

Wakati wa kukopi sikiliza na tazama. Ikifika faili fulani inasimama dakika nzima, spidi inashuka mpaka sifuri, au unasikia tik, tik, tik ndani ya keisi, basi jibu ushalipata nusu. Ruka faili hiyo, kopi nyengine kwanza, utairudia mwisho.

Tatu, Task Manager, na hapa usiwe na haraka

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Processes utaona safu za CPU (prosesa), Memory (RAM) na Disk, juu yake asilimia. Iache mashine imekaa tu, hujafungua kitu, dakika kumi toka iwake, uangalie ipi imejaa.

CPU ikiwa juu muda wote bonyeza kichwa cha safu ile, programu inayokula itapanda juu uione jina. Memory ikiwa 85 au 90 na hujafungua hata kivinjari, RAM ni ndogo. GB 4 inaruhusiwa kwenye karatasi lakini ukifungua Chrome na Word pamoja inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na hapo ndo inaganda. Kwa kazi ya kawaida ya ofisi mimi naanzia GB 8.

Ila nnachokiona mara nyingi kabisa ni Disk 100%. Ukiona hivyo nenda Performance, kliki Disk 0, pale chini ya jina itakuandikia ni HDD, yani hadi diski ya kuzunguka, au SSD, isiyo na kinachozunguka. Tazama vitu viwili, Active time, yani muda diski inaoshughulika, na Average response time, yani muda inaochukua kujibu. Mashine moja ya wiki iliyopita Active time ilikuwa 100% imenyooka kama uzi, lakini kusoma inasoma MB 0.8 kwa sekunde, na Average response time inapanda 900, 1400, 2100. Hizo ni milisekunde, yani ukiomba kitu kimoja unangoja sekunde mbili. HDD nzima ikiwa na kazi ya kiasi inakaa kwenye kumi, ishirini hivi. Ikiwa hamsini na kitu imeelemewa, ikiwa maelfu inaumwa.

Kwanini Windows 10 ilikuwa inakwenda na hii haiendi? HDD ya deskitopu inazunguka mara 7200 kwa dakika, ni mizunguko 120 kwa sekunde, na kile kichwa kinachosoma lazima kihame kwenda sehemu kisha kingoje sahani izunguke ifike. Ni kama duka lenye kijana mmoja na ngazi moja, kila mteja anataka kitu cha rafu tofauti. Windows 11 inaita vijifaili vidogo vidogo vingi kwa wakati mmoja. Diski iliyokuwa inajikongoja ikapewa mzigo zaidi, ndo ikaonekana imeharibika siku ile ile ya kupandisha, na mtu anailaumu windo.

Nne, pima afya ya diski na uangalie waya

Shusha CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ikifunguka itakuonesha Good kwa buluu, Caution kwa manjano au Bad kwa nyekundu. Usiishie kwenye rangi, soma mistari. Mstari wa 05 ni sehemu mbovu zilizokwishabadilishwa na akiba. C5 ni sehemu zinazongoja hukumu, zimekataa kusomeka. C6 zimeshindikana. Safu ya Raw Values ikiwa sifuri kwenye hizo tatu, vizuri. C5 ikiwa na namba, hata ndogo, hiyo diski usiiamini tena na wala usiendeshe chkdsk (amri ya Windows ya kukagua diski) yenye /r kabla ya bakapu, mana inaipitisha diski nzima mwanzo mpaka mwisho na diski mgonjwa inaweza kufia pale pale.

Sasa tazama C7. Hiyo inahesabu makosa ya njiani, baina ya diski na madabodi (ubao mkuu wa mashine), na mara nyingi ni kebo ya SATA inayoziunganisha tu. Sisi tumezungukwa na bahari, hewa ina chumvi, wakati wa masika unyevu unaingia mpaka kabatini, na vile vijimeno vya kebo vinashika kutu usiyoiona kwa macho. Mwezi uliopita dada mmoja mwenye duka la kupiga chapa kule Wete alikuwa ashatafuta pesa ya kununua kompyuta nyengine. C7 yake ilikuwa imefika mamia na inaongezeka huku tunaiangalia, 05 na C5 sifuri. Nikabadilisha kebo, nikachomeka tundu jengine la madabodi, namba ikasimama pale pale haikuongezeka tena, na ule ugandaji ukaisha. Ile namba ya zamani hairudi sifuri, usishtuke, unachotazama ni kama inapanda.

Tano, upande wa programu

Diski ikiwa nzima ndo unakuja huku. Task Manager, Startup apps, zima usivyovihitaji wakati wa kuwaka. Antivairasi mbili kwenye mashine moja zinagombana, toa ile ya muda wa majaribio iloisha, Defender inatosha. C ikiwa imejaa mpaka nyekundu, nenda Settings, System, Storage, Temporary files usafishe, ila kumbuka ukitiki Previous Windows installation(s) umeifunga njia ya kurudi nyuma. Mimi huacha angalau asilimia 15 wazi.

Kisha draiva, programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa. Kulia kliki kwenye Start, Device Manager, Display adapters. Ukikuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter, draiva ya skrini haikuvuka salama, na ndo mana madirisha yanaburuta na video inakatakata. Ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine, tafuta modeli yako, shusha ya kwake. Zile programu zinazojidai zitakutafutia draiva zote kwa mpigo ziache kabisa, zinaleta takataka.

Umeme ukikatika katikati ya apdeti mafaili ya mfumo yanaweza kubaki nusu nusu. Fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, kwa Run as administrator, andika amri hizi mbili za kuyatengeneza moja moja, ngoja ya kwanza imalize:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Ya kwanza inataka intaneti, inaweza kusimama 62% muda mrefu, usiifunge. Ukimaliza restart, sio Shut down, kwa sababu Fast Startup ikiwa imewashwa, kuzima hakuzimi kila kitu.

Sita, fungua keisi

Chomoa waya wa umeme, bonyeza batani ya kuwashia sekunde kumi ili umeme ulobakia utoke, gusa chuma cha keisi. Toa vumbi kwa brashi laini, hasa kwenye feni ya prosesa, mana prosesa ikipanda moto inajipunguza spidi yenyewe na wewe unaona uzito tu. Chomoa RAM, sugua zile shaba kwa ufutio mweupe wa mwanafunzi taratibu, pangusa, rudisha mpaka isikike tak pande zote mbili. Ukinunua RAM nenda nayo ile ya zamani dukani, DDR3 na DDR4 hazikai tundu moja.

Saba, kuhamia SSD

Ikiwa diski ni HDD, hata iwe nzima, hapa ndo pa kutia pesa. SSD haina kinachozunguka, inajibu chini ya milisekunde moja, na ya SATA ya inchi 2.5 inakaa hata kwenye deskitopu ya zamani. Kwa ofisi ndogo GB 256 inatosha.

Diski ya zamani ikiwa nzima, kloni, yani inakili yote kama ilivyo kwenye SSD, kwa Clonezilla, ni ya bure, unaiwasha kutoka kwenye flashi. Hakikisha SSD inalingana kwa ukubwa na ile ya zamani au imeizidi, la sivyo upunguze patisheni (migao ya diski) kwanza. Na pale inapokuuliza chanzo ni kipi na lengo ni lipi, soma jina na GB za kila diski kwa sauti, mara mbili, mana ukigeuza unaifuta yenye vitu. Ikiwa diski ya zamani ina C5, usikloni, hapo ndo piga windo mpya kwenye SSD na urudishe mafaili kutoka kwenye bakapu.

Ikiwaka, rudi Task Manager ile ile, Disk 0, iache dakika kumi uone Active time inashuka karibu na sifuri. Diski ya zamani usiifute. Andika juu yake tarehe na jina la mwenyewe, iweke kwenye mfuko mkavu, mpe mwenyewe aende nayo, na mwambie aikague kwa mwezi mzima kama kuna faili ameikosa.