Panga bahari kwanza: namna ya kuandaa kombe la timu za visiwani hapa Tanga

Watu wakisikia naandaa kombe huniuliza habari za jezi na mipira. Hakuna anayeniuliza maji yanajaa saa ngapi. Kazi yangu ni kuuza barafu kwa wavuvi pale Deep Sea, na ukatibu wa kombe nimeupata kwa sababu hiyo hiyo: manahodha nawajua, na nusu ya timu zetu zinakuja kwa maji. Tatu za Pemba, moja ya Unguja, moja ya Pangani, zilizobaki za hapa hapa mjini. Juzi kijana mmoja wa Bagamoyo kanipigia, anataka kuanzisha la kwao na wenzao wa Unguja. Nimeongea naye mpaka salio likakata, sasa nayaandika.

Anza na kalenda, na kalenda ianze na upepo. Kusi likishika, Juni na Julai, mkondo wa Pemba haucheki na mtu. Vijana wanashuka bandarini wametapika mpaka nyongo, kesho yake unataka wakimbie dakika 90. Wakati wetu ni demani, kusi limelegea na kaskazi bado halijaja. Tunalenga Septemba au mwanzo wa Oktoba, tukishaangalia Maulidi yameangukia lini. Halafu, kabla hujamtangazia mtu tarehe, piga simu Pemba uulize karafuu. Mwaka wa kwanza hatukuuliza. Timu moja ikaja na wachezaji tisa, kocha na kitambi chake akavaa jezi namba 3. Wengine walikuwa juu ya mikarafuu, na huwezi kuwalaumu, karafuu ndiyo ada ya shule ya wadogo zao.

Kwenye chombo sina mzaha. Septemba 2011 meli iliyotoka Unguja kwenda Pemba ilizama usiku karibu na Nungwi, ikiwa imejaza kupita kiasi, na Pemba hakuna shehia isiyomjua mtu aliyepotelea mle. Kwa hiyo timu ije na chombo cha abiria chenye leseni, majina yote yaandikwe, nakala moja ibaki kwa kiongozi wao nyumbani na moja ije kwangu kabla hawajang'oa nanga. Mwenye mashua ya samaki atakwambia anawaleta kwa nusu ya bei. Mshukuru, mwambie hapana. Kama nauli imewashinda, punguza timu.

Barua zinachosha lakini haziepukiki. Hapa unaanzia serikali ya mtaa, chama cha soka cha wilaya, afisa michezo, polisi. Timu ya visiwani nayo ina mlango wake, maana Zanzibar ina shirikisho lake, ZFF, na klabu zao zinaingia mashindano ya Afrika kivyao. Machi 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, waliipa Zanzibar uanachama kamili, Julai mwaka huo huo wakaurudisha nyuma. Wapemba hawajalisahau, wala usilifanyie utani mbele yao. Waombe walete barua ya ruhusa ya kwao, nawe uwe na ya kwako, hata kama kombe ni la ng'ombe mmoja.

Sasa mfumo. Kila mwaka anatokea mtu kwenye kikao na wazo la nyumbani na ugenini, "ili na wao wafaidi kiingilio". Namjibu kwa hesabu. Kundi la timu nne, nyumbani na ugenini, ni mechi 12, na kila mechi kuna timu inasafiri. Zidisha kwa makundi mawili uone nani atalipa mafuta. Wenzetu wa Oceania, ambao bahari yao ni kubwa kuliko yetu mara sijui ngapi, walishaupitia mfumo huo wakauacha. Kutoka Papua New Guinea hadi Tahiti ni zaidi ya kilomita 6,000. Ligi yao ya mabingwa wakawa wanaikusanya sehemu moja: 2023 Vanuatu, 2024 Tahiti, 2025 Visiwa vya Solomon. Timu nane, makundi mawili ya nne nne, nusu fainali, fainali, watu wanarudi makwao. Miaka yote hiyo mitatu kikombe kakibeba Auckland City ya New Zealand.

Sisi tumeuchukua mfumo huo kama ulivyo. Kwa uwanja mmoja na mechi mbili kwa siku, makundi yanakwisha siku sita, kila timu ikipata siku ya kupumzika katikati. Siku ya saba watu wafue jezi. Ya nane nusu fainali zote mbili, ya kumi fainali. Jumla mechi 15. Raundi ya mwisho ya kila kundi tafuta uwanja wa pili wa karibu, mechi mbili za kundi zianze dakika moja. Zikipishana, wanaocheza baadaye wanaingia wakijua sare inawatosha wote wawili, na hapo utaona pasi za nyuma mpaka mashabiki waanze kurusha maganda ya machungwa.

Na barua nyingine hapa: ya waajiri. Siku kumi ni nyingi kwa kuli au fundi gereji. Usidhani ni shida ya mchangani tu. Hao Auckland City walipokwenda Kombe la Dunia la Klabu 2025 walikuwa watu wa kuomba ruhusa kazini. Bayern waliwapiga 10-0, halafu wakatoka sare ya 1-1 na Boca Juniors, na aliyesawazisha, Christian Gray, alikuwa anasomea ualimu. Barua yenye muhuri, jina la mchezaji na tarehe zote mbili, ya kuondoka na ya kurudi. Bosi anachotaka kujua ni hiyo ya pili.

Kanuni ziandike ukiwa na akili ya mtu mwovu. Kila ukiandika sentensi jiulize: mjanja ataitumiaje hii? Kwenye kamati yetu nawasimulia Barbados na Grenada, Januari 1994, kufuzu Kombe la Karibi. Waandaaji waliamua kusiwe na sare, na goli la dhahabu, lile la kwanza kwenye dakika za nyongeza linalomaliza mechi, lihesabiwe mawili. Kwenye karatasi lilionekana jambo zuri. Barbados walihitaji kushinda kwa tofauti ya magoli mawili ili wapite. Wakaongoza 2-0, dakika ya 83 Grenada wakapata moja. Zimebaki dakika chache, Barbados wakafanya hesabu: kuliko kuhangaika kutafuta la tatu, tujifunge, iwe 2-2, twende dakika za nyongeza, tukifunga moja ni mawili. Wakajifunga dakika ya 87. Grenada nao wakashtuka: wakifungwa 3-2 wanapita, wakishinda wanapita, kwa hiyo goli lolote, la huku au la kule, linawafaa. Zile dakika za mwisho Barbados walikuwa wanalinda magoli yote mawili ya uwanja, lao na la mpinzani. Kwenye nyongeza wakafunga, ikaandikwa 4-2, wakapita. Wala hawakuvunja kanuni hata moja. Basi tangu nilijue hilo, mtu akileta kanuni ya kunogesha mchezo naipeleka kwanza kwa wacheza bao wa barazani kwetu. Wakikaa nayo jioni moja bila kuona tundu, inaingia. Nyingi zimefia barazani. Tumebaki na zile za kawaida: pointi, mechi ya waliolingana walipokutana wenyewe, tofauti ya magoli, na kwenye mtoano sare ni matuta moja kwa moja, maana giza la Tanga halingoji nyongeza.

Kanuni moja ni yetu wenyewe, tunaiita ya bahari. Ilizaliwa na aibu. Mwaka wa pili timu moja ya Pemba ilichelewa, upepo uligeuka usiku na chombo kikazuiwa kutoka. Kamati tukangoja dakika 30 kama kitabu kinavyosema, tukawapa wapinzani pointi za mezani. Wenzetu wakafika usiku, wamelowa, wanatuletea halua ya zawadi. Nahodha wao akaikabidhi, akasikia habari, hakusema neno. Ile halua ilikaa mezani pale ofisini na hakuna aliyeigusa mpaka sisimizi. Mwaka uliofuata hawakuja. Sasa kanuni inasema: chombo kikizuiwa na mamlaka ya bandari, mechi inasogea, na ile siku ya saba ya kufua ndiyo akiba yake. Timu ikichelewa kwa sababu nyingine yoyote, dakika 30, hakuna simu.

Mamluki. Kila timu isajili wachezaji 20, fomu yenye picha, na dirisha lifungwe siku tatu kabla. Picha peke yake haitoshi, vijana wa sasa kwa mitindo ya kunyoa wanabadilika kila wiki. Mimi napanga wachezaji mstari kabla ya mechi, naita jina la kwenye fomu kwa sauti ya kawaida, simtazami mtu. Kuna kipa mmoja nilimwita mara mbili akawa anaangalia kunguru. Mara ya tatu mwenzake akamkanyaga mguu, ndipo akaitika "naam!" kwa kelele kama yuko jeshini. Nikamuuliza jina la mama yake lililoandikwa pale. Akacheka, akavua glavu mwenyewe.

Malazi ni madarasa ya shule wakati wa likizo, magodoro ya kukodi, vyandarua usisahau. Chakula mpe mama ntilie mmoja kwa mkataba, siyo watano kwa zamu, na maharage mchana wa mechi yapigwe marufuku. Machungwa ya mapumziko yatoke Muheza, gunia moja linatosha siku mbili. Barafu ni yangu, bure. Inapoza maji na inakanda vifundo.

Uwanja wa Mkwakwani ni mtamu kwa fainali, lakini uulize gharama mapema. Siku nyingine zote tunacheza mchangani. Mistari ya chokaa ichorwe asubuhi ile ile, siyo jana yake, mbuzi wanapita. Nyavu za magoli tunafuma kutoka nyavu chakavu za wavuvi. Usichukue jarife. Matundu ya jarife yametengenezwa kwa papa, na shuti kali linayapanua mpaka mpira unapenya, halafu nusu ya uwanja inaapa ulipita nje ya nguzo. Chukua nyavu ya macho madogo, ikunje mara mbili, chini uizike mchangani badala ya kuifunga kwa mawe.

Waamuzi walipwe kabla ya filimbi ya kwanza, mkononi, mbele ya makapteni wote wawili. Refa anayesubiri posho kutoka kwenye kiingilio ana macho mlangoni. Na refa wa mechi ya Pemba na Tanga asiwe wa Pemba wala wa Tanga. Sisi tunamchukua Korogwe au Muheza, hana shemeji upande wowote.

Zawadi. Hapa kwetu mchangani zawadi yenye heshima ni ng'ombe, na tulinunua dume la ng'ombe hasa, jeusi, likafungwa utepe likazungushwa mitaani siku tatu. Fainali wakachukua Wapemba. Watu wameshangilia, ngoma imelia, kesho yake alfajiri tuko bandarini sisi, timu, na ng'ombe. Mwenye chombo akamtazama yule dume, akatutazama sisi, akauliza, "Huyu naye kakata tiketi?" Tukaishia kumuuza kwa mchinjaji saa hiyo hiyo, bei ya mtu mwenye haraka, na mimi nikajazia pengo kutoka hela ya barafu. Siku hizi ni fedha taslimu kwenye bahasha, na kikombe tunakipima kabla ya kukinunua: lazima kiingie kwenye mkoba wa bega.